Naombeni mnifundishe chakula cha nyumbani cha Wakhmer wa Kambodia, hasa samlor (michuzi yao) na hii prahok (samaki wa chumvi aliyechachushwa)

BintiMwambao

Habari zenu wapendwa. Nipo Phnom Penh nafundisha, na hivi karibuni nimehama kwenye chumba kisicho na jiko nikapata kanyumba kenye jiko la gesi la pleti mbili na friji, kwa hiyo sina tena kisingizio cha kula tambi za paketi. Nataka nipike chakula cha hapa hapa ila siyo kile cha watalii jamani, amok (samaki wa tui) kwenye kifuu na lok lak (vipande vya nyama ya kukaanga) yenye yai juu nishakula vya kutosha. Nataka kile anachopika mama mwenye nyumba wangu jioni, sisi tunamwita Om, harufu inapanda hadi juu kwangu mpaka nashindwa kusahihisha madaftari.

Siku akinikaribisha anatandika mkeka, sufuria ya wali inakaa pembeni, bakuli kubwa la mchuzi katikati, kisahani cha samaki mkavu, sinia la mboga mbichi, vyote vinaletwa kwa pamoja na kila mtu anachota kidogo kidogo anaweka kwenye wali wake. Ule mchuzi ni mzito, wa kijani kijani, una boga, papai bichi, ndizi mbichi na majani sijui aina ngapi, anauita samlor korko. Nikimuuliza vipimo anacheka tu anasema weka mpaka itoshe 😂

Sasa naomba kueleweshwa. Prahok inatumikaje? Nimepita soko la Toul Tom Poung nimeona mabeseni yake yamejaa hadi juu, ya kijivu, muuzaji anachota kwa upawa anatia kwenye mfuko anafunga mafundo mawili, nikasogea karibu nikarudi nyuma haraka. Na kroeung, ule mchanganyiko wa viungo vya kutwanga, nitwange mwenyewe au kuna namna nyingine? Halafu mimi sili nguruwe, na naona huku nguruwe yupo kwenye kila kitu kuanzia wali wa asubuhi. Kwa anayeanza mnashauri nianze na mboga gani?

---

MzeeWaTonle

Karibu jikoni binti. Mimi nipo Siem Reap, nimeoa huku, na jikoni nimefundishwa na mama mkwe ambaye hana mchezo, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyoona kwake.

Kwanza prahok. Usiiogope na pia usiifanye kitoweo, hiyo ni kiungo. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Desemba hadi Februari hivi, maji ya ziwa Tonle Sap yakishaanza kurudi mtoni na samaki wakatoka nayo kwa wingi, hasa wale wadogo wanaoitwa trey riel. Watu wanakuja toka vijijini wananunua samaki kwa magunia pale pale kando ya mto, wanakata vichwa, wanakanyaga na kuosha mafuta yatoke, wanaanika kidogo, wanatia chumvi na kushindilia kwenye mitungi. Ndiyo akiba ya protini ya mwaka mzima kwa mkulima wa mpunga, na ukilielewa hilo utaelewa kwa nini ipo kwenye karibu kila sufuria.

Ukifika sokoni kuna yenye mifupa, prahok ch'oeung, na kuna ya minofu mitupu, prahok sach. Kwa supu hata ile ya mifupa sawa tu, ni bei nafuu na mifupa inabaki kwenye chujio. Ya minofu weka kwa ajili ya kukaanga. Chukua kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu wanne, weka kwenye kisufuria na kikombe cha maji, chemsha mpaka samaki avurugike kabisa, chuja, yale maji ndiyo unamimina kwenye mboga. Harufu kali ni ya pale mwanzo inapochemka, ikishaingia kwenye mchuzi inatulia, huwezi kuitaja ni nini ila ukiikosa unajua kabisa kuna kitu hakipo. Chumvi na tirk trey (maji ya samaki ya chupa) usiguse mpaka mwisho ukishaonja, maana prahok yenyewe ni chumvi tupu. Na usiile mbichi hata ukiona wenzio wanachanganya na ndimu na pilipili, hao ni samaki wa maji baridi na minyoo ya ini ipo huku, moto ndio dawa.

Sasa korko. Kroeung yake ni ya kijani, yaani mchaichai mwingi pamoja na majani yake kidogo. Kwa sufuria moja chukua mabua kama manne au matano ya mchaichai, katakata nyembamba sanaaa, hapa ndipo watu wanafanya uvivu halafu wanakula nyuzi. Weka kipande cha galanga (jamii ya tangawizi), manjano mabichi kidole kimoja, majani manne matano ya ile ndimu yenye ganda la mikunjo mikunjo (toa ule mshipa wa katikati), saumu punje tano sita na vitunguu vidogo vyekundu viwili vitatu. Kwenye kinu tangulia na vigumu, mchaichai na majani ya ndimu na chumvi kidogo ya kusaidia kusaga, halafu galanga na manjano, saumu na vitunguu vya mwisho kwa sababu vina maji, ukivitanguliza kila kitu kinateleza na kurukia ukutani na mchaichai hausagiki tena.

Pembeni kaanga mchele mkavu bila mafuta kwenye karai, moto mdogo, unageuza geuza mpaka upate rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa, kisha usage usiwe unga kabisa, uwe chenga chenga. Huo ndio unaofanya ule mchuzi uwe mzito, siyo unga wa ngano wala nini.

Karai kwenye moto, mafuta kidogo, kaanga kroeung mpaka inukie, tia samaki (kambale anafaa sana, au kuku wa kienyeji), tia maji ya prahok, koroga, tia mchele wako vijiko vitatu vinne, ongeza maji, na sukari ya mvumo kidogo. Mboga zinaingia kwa ugumu wake, boga na papai bichi na ndizi mbichi kwanza, bilinganya na maharage marefu baadaye, na majani mwisho kabisa moto ukiwa karibu kuzimwa, majani ya pilipili, majani ya mlonge, chochote Om wako alichonacho uani. Hakuna orodha rasmi. Mama mkwe akikosa papai anaweka kitu kingine na maisha yanaendelea.

---

Kinu_na_Mchi

Mzee umeeleza vizuri ila hapo kwenye kutwanga mnamtisha mtoto wa watu bure. Dada upo Phnom Penh, mjini hapo kila soko kuna wamama wanauza kroeung mbichi iliyosagwa asubuhi hiyo hiyo, utaona vilima vidogo vidogo vya njano, kijani na nyekundu juu ya sinia. Unamwambia unapika nini, siyo unataka gramu ngapi, unasema tu samlor korko au machu kroeung (ule mchuzi mchachu) anakuchotea inayohusika na anakuongezea majani ya ndimu bure, unalipa riel elfu chache tu. Wafanyakazi wengi wa hapa wanafanya hivyo hivyo, nani ana muda wa kukaa na kinu akitoka kazini saa kumi na mbili jioni.

Ile nyekundu ni ya pilipili kavu, zile kubwa zisizo kali, zinalowekwa kwanza ndipo zinasagwa. Ya njano ni manjano yamezidi. Za chupa za supamaketi achana nazo, zina siki na hazinukii.

Ila nakubali kitu kimoja, blenda siyo kinu. Blenda inataka maji ndiyo isage, na kroeung yenye maji haikaangiki, inachemka. Kama ni lazima blenda tumia mafuta badala ya maji.

Na Mzee, sukari kwenye korko sisi upande wa huku hatuiweki hivyo, boga lenyewe lina utamu wake. Watu wa Siem Reap mnapenda sukari sana 😂

---

MzeeWaTonle

Hahaha mkuu, nimesema kidogo. Sukari yenyewe inatoka Kampong Speu siyo kwetu, na hiyo ni bidhaa yenye alama ya kijiografia (jina linalindwa kisheria) tangu 2010, mwaka mmoja na pilipili manga ya Kampot, kwa hiyo heshima kidogo kwa sukari.

Kwenye kroeung ya sokoni sina ugomvi. Ila binti atwange hata mara moja ajue ladha ya kila kitu, akienda kununua atajua anauziwa nini, maana wapo wanaojaza mabua magumu ya mchaichai kupata uzito.

---

kula_kulala

Nimekuja kusoma tu na njaa yangu. Ila hiyo prahok mkuu si wazungu wanaiita jibini ya Kambodia? Waje wavue kofia.

---

UmmuSwaumu

Wa alaykum salaam mdogo wangu, najua hukusalimia hivyo ila nimehisi 😄

Suala la nguruwe lisikutishe, huku kuna Waislamu wa Kicham, wapo kando ya Mekong na Tonle Sap tangu zamani na wanapika chakula kile kile cha Kikhmer kwa ng'ombe, kuku na samaki. Hapo Phnom Penh anzia maeneo ya msikiti wa Al-Serkal pale Boeung Kak, kuzunguka hapo utapata nyama halali, na ukivuka daraja kwenda Chroy Changvar kuna familia nyingi za Kicham. Ukizoeana na mama mmoja wa nyama umemaliza, ukimwambia samlor machu kroeung anakukatia kipande kinachofaa, chenye mishipa kidogo, siyo steki.

Mimi ningekuambia uanze na hiyo hiyo machu kroeung ya ng'ombe kabla ya korko, ina mboga chache na ni ngumu kuiharibu. Kaanga kroeung ya njano na prahok, tia nyama igeuke rangi, ongeza maji uache nyama ilainike taratibu, saa moja na zaidi kama ni ngumu, usiikimbize. Ikishaiva tia maji ya ukwaju uliokamuliwa, onja, bilinganya za kijani za mviringo zilizokatwa mara nne, kisha trakuon, yale majani ya majini yenye shina lenye tundu, yanaiva dakika moja tu. Ichachuke mpaka ufumbe jicho kidogo, wali utaipooza. Hakuna tui humo, watu wakisikia Asia wanadhani kila kitu nazi.

Cha kuangalia ni prahok ktis, ile ya kuchovya na matango na kabichi mbichi. Prahok yenyewe ni samaki lakini ktis inapikwa na nyama ya nguruwe ya kusaga, tui na vibilinganya vidogo vya kishada. Nyumbani unaweka kuku wa kusaga mambo yanakwenda, ila mgahawani uliza kabla hujachovya. Na mchuzi wa kuy teav (supu ya tambi za mchele) nao mara nyingi umechemshwa mifupa ya nguruwe hata kama juu wamekuwekea mipira ya samaki.

Ukipata sikukuu au harusi ya Wacham uliza saraman, mchuzi wa nyama ya ng'ombe mzito wenye tui na karanga, una mdalasini na iliki na unapikwa polepole mno. Huo usijaribu katikati ya wiki.

---

BintiMwambao

Jamani nimeshukuru hadi nimekosa maneno, na waalaykum salaam dada UmmuSwaumu umenipata kabisa 😄

Jumapili nitaanza na machu kroeung ya ng'ombe. Bado nina mawili. Nyumba yangu ni ya ghorofa na madirisha madogo, prahok ikichemka majirani hawatanifukuza? Na ile inayobaki naihifadhi wapi maana mfuko ni mwingi kuliko kijiko kimoja cha Mzee. La pili, nimemuona Om anachukua wali wa jana asubuhi, anakula na samaki mkavu na TIKITI MAJI, kwa pamoja, mdomo mmoja. Ni yeye tu au?

---

Kinu_na_Mchi

Siyo yeye tu! Trey ngeat (huyo samaki mkavu) na tikiti ndiyo chakula chenyewe cha miezi ya joto, Machi na Aprili hapo jua likikaanga lami na hakuna mtu anataka supu ya moto. Samaki wa kukaanga ana chumvi kali, tikiti la baridi, wali mweupe, unakula vyote kwenye tonge moja. Jaribu kabla hujacheka. Samaki aanikwe vizuri awe mkavu, umkaange kwa mafuta ya kutosha mpaka kingo zivunjike zenyewe.

Harufu, majirani zako ni Wakhmer, watakachofanya ni kuuliza unapika nini. Washa feni utulie.

---

Mtoto_wa_Battambang

Nimechelewa ila nina la kusema hapo mwanzo mlipoidharau amok kwamba ni ya watalii. Ile ya kwenye kifuu ndiyo ya watalii, mara nyingi ni mchuzi wa tui uliopikwa kwenye karai ukamiminwa tu. Amok yenyewe inapikwa kwa mvuke kwenye vikombe vya jani la mgomba na ikiiva inasimama, unaikata kwa kijiko haimwagiki. Nyumba niliyokaa Battambang bibi wa pale, Yeay tulimwita, alikuwa anapika siku za wageni na siku za kupeleka chakula pagoda, siyo kila siku kweli, ila ni ya nyumbani kabisa.

Siri yake ipo kwenye kukoroga. Kroeung, tui zito, yai, tirk trey na sukari ya mvumo kidogo, unakoroga upande mmoja tu muda mrefu mpaka mkono ukuume na rojo linashika mwiko, ndipo unaingiza vipande vya samaki visivyo na miiba. Jani la mgomba lipitishe juu ya moto kwanza lilainike la sivyo linapasuka kwenye kona. Chini ya kikombe weka majani ya noni yaliyokatwa, yana uchungu kidogo unaokata mafuta ya nazi, migahawa mingi inaweka spinachi au haiweki kitu kabisa. Mvuke nusu saa hivi, karibu na kuiva unapaka tui zito juu na nyuzi nyuzi za jani la ndimu na pilipili nyekundu.

Na kuhusu Om kukataa kutaja vipimo, sidhani kama anaficha. Huku vipimo havikuandikwa, mtu alijifunza kwa kukaa karibu na mama yake. Halafu ikaja 1975 mpaka 1979, wakati wa utawala wa Khmer Rouge watu walinyang'anywa sufuria zao, wakawa wanakula uji mwembamba wa mchele kwenye mabwalo ya pamoja, kupika nyumbani ikawa kosa. Wengi waliokuwa wanajua walikufa. Kwa hiyo ukikuta mama wa umri ule anapika kitu fulani vizuri, kaa naye pale pale jikoni, mwombe umkatie mchaichai, utaona vipimo kwa macho. Yeay hakuwahi kunitajia kijiko hata kimoja lakini mkono wake niliuona.

---

UmmuSwaumu

Hapo kwenye kukata mchaichai ni kweli tupu. Ukienda na kisu chako tayari hawakufukuzi.

---

MzeeWaTonle

Kuhifadhi prahok: chupa ya glasi yenye mfuniko wa kubana, ishindilie isibaki na hewa, nyunyiza chumvi tabaka jembamba juu, ifunge mfuko mwingine kwa nje ndiyo iingie friji, hapo siagi yako itabaki kuwa siagi. Inakaa miezi bila tatizo, na ya mwaka ni bora kuliko ya juzi. Ukiona ukungu wa rangi rangi au wadudu, tupa ukanunue nyingine, siyo ghali. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.

Ukija Siem Reap pitia soko la Phsar Leu, prahok ya huku inasifika, hata watu wa mjini kwenu wanatumana. Na num banh chok (tambi za mchele za mchuzi wa samaki) asubuhi usijisumbue kuitengeneza, kukamua zile tambi ni kazi ya watu wa kijiji cha Preah Dak na wenzao, wewe nunua tambi mbichi sokoni kabla ya saa mbili asubuhi, nyumbani upike ule mchuzi wa kijani wa samaki tu. Mchuzi wake ni samaki aliyechemshwa na kutwangwa pamoja na kroeung ya kijani, prahok na tui jepesi, juu unaweka ua la mgomba lililokatwa nyembamba, matango na maharage mabichi. Ua la mgomba ukilikata liweke kwenye maji ya ndimu hapo hapo, linageuka jeusi haraka.

---

BintiMwambao

Nimenakili kila kitu. Om nimemwambia kesho jioni nitamkatia mchaichai, kaniuliza kisu changu kina makali au nije na cha kwake.